"Wewe Inakuhusu Nini?": Kazi ya Vituo vya Sheria Vinavyotetea Umma

Kuna swali moja ambalo hapa kwetu Kenya mtu hulisikia tangu utotoni hadi uzeeni. Ukiuliza kwa nini mkokoteni wa mama mboga umepinduliwa na askari wa kanjo, utajibiwa kwa swali: "Wewe inakuhusu nini?" Ukiuliza kwa nini kijana wa jirani amelala seli siku tatu bila kufikishwa kortini, jibu ni lile lile. Na ukithubutu kuuliza ni nani aliyezungushia mabati uwanja wa mpira wa mtaa, ndiyo kabisa! Utaambiwa ukachunge ya kwenu.

Makala haya yanahusu watu ambao kazi yao ya kila siku ni kulijibu swali hilo. Hawalijibu kwa mawe wala kwa matusi, bali kwa karatasi, kalamu na Katiba. Nazungumzia vituo vya sheria vinavyowatetea watu bila malipo na kupeleka mahakamani kesi za maslahi ya umma. Mwalimu mlezi wa chama chetu alipotugawia mada za toleo hili, mimi niliangukiwa na hii, na wenzangu wa bwenini wakanicheka. "Sheria? Hiyo waachie mawakili!" Basi hao walionicheka ndio hasa ninaowaandikia.

KITUO CHA SHERIA NI NINI?

Wakili wa kawaida hukodiwa. Mteja humlipa, naye humtetea mteja huyo. Hakuna ubaya wowote hapo, kwani hata daktari na fundi wa cherehani hulipwa. Taabu ni kwamba anayehitaji wakili zaidi ya wote aghalabu ndiye asiyekuwa na hela za kumlipa. Mfanyakazi aliyefutwa bila mshahara atatoa wapi pesa za wakili wa kudai mshahara huo? Mwenye kumdhulumu anazo, yeye hana. Ndiyo maana wazee wakasema mwenye nguvu mpishe.

Kituo cha sheria cha maslahi ya umma ni ofisi ya mawakili isiyofanya biashara. Haigawi faida kwa mtu yeyote, kwa kuwa faida yenyewe haipo. Hapa Kenya kinachojulikana sana ni kile kinachoitwa kwa jina hilo hilo, Kituo cha Sheria. Kilianzishwa mwaka 1973 na mawakili waliokubaliana kutoa ushauri kwa maskini bila kuwatoza chochote. Makao yake makuu yako Nairobi, na kina ofisi Mombasa pia. Si hicho peke yake. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichoanza mwaka 1985, huwasaidia sana akina mama na watoto. Taasisi ya Katiba, iliyoundwa mwaka 2011, hushughulikia zaidi kesi zinazohusu Katiba yenyewe.

Kazi za vituo hivi ni za aina mbili, na ni vyema tuzitenganishe mapema. Ya kwanza ni msaada wa kisheria kwa mtu mmoja mmoja: mpangaji aliyefungiwa mlango, mjane aliyenyang'anywa shamba, mshtakiwa asiyejua hata ameshtakiwa kwa kosa gani. Ya pili ni kesi ya maslahi ya umma. Hii ni kesi ambayo jibu lake halimfai mlalamishi peke yake. Tuseme kijiji kizima kimebomolewa na watu wakaachwa kwenye mvua. Mahakama ikiulizwa kama serikali ina ruhusa ya kufanya hivyo, jibu litakalotolewa litamfaa mtu wa Kisumu na wa Garissa ambaye hajawahi kukanyaga korti. Hii ni kwa sababu uamuzi wa mahakama za juu huzifunga mahakama zilizo chini yake. Jaji akishasema neno huko juu, hakimu wa wilayani hawezi kusema kinyume chake.

MLANGO ULIOFUNGWA MWAKA 1989

Hebu sasa turudi kwenye swali letu, maana zamani hata mahakama zenyewe zilikuwa zikiliuliza.

Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi. Marehemu Profesa Wangari Maathai, ambaye baadaye mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani, aliona kwamba bustani ile ni mali ya watu wote. Pale ndipo mtu asiye na ua kwake huenda kupumzika Jumapili na watoto wake. Akaenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi uzuiwe.

Je, mahakama ilisema jumba lile ni jema? La. Ilisema ni baya? La hasha. Haikufika huko kabisa. Ilisema kwamba Profesa Maathai hakuonyesha hasara yoyote ambayo ingempata yeye mwenyewe, na kwamba mwenye ruhusa ya kushtaki kwa niaba ya umma ni Mkuu wa Sheria. Kwa lugha ya mtaani, alilipiwa kwa swali lile lile: wewe inakuhusu nini?

Tazameni mtego uliokuwapo. Mkuu wa Sheria ndiye wakili wa serikali. Serikali ikikosea, ni yeye peke yake angeweza kuishtaki kwa niaba yetu, na ni yeye pia angeitetea. Ni kama kumwambia kuku apeleke malalamiko yake kwa wakili wa kicheche. Bustani yenyewe ilipona, kwa kuwa kelele zilizopigwa ndani na nje ya nchi ziliwafanya wafadhili wajiondoe, na jumba halikujengwa. Lakini iliponea nje ya mahakama. Ndani ya mahakama, mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo kutiwa mfukoni.

Si Kenya tu iliyokuwa na kufuli hilo. Kule Uhindi, mwaka 1979, wakili mmoja mwanamke, Kapila Hingorani, alisoma gazetini habari za mahabusu wa jimbo la Bihar. Baadhi yao walikuwa wamekaa rumande wakingoja kesi kwa miaka mingi kuliko kifungo ambacho wangepewa kama wangepatikana na hatia! Hakuwa ndugu yao, wala hawakuwa wamemkodi. Alikwenda Mahakama ya Juu ya nchi hiyo kwa niaba yao, na mahakama ikamsikiliza. Maelfu ya mahabusu waliachiliwa. Tangu hapo majaji wa Uhindi wakaanza kupokea hata barua ya kawaida kama kesi, mradi inaeleza dhuluma ya kweli.

MLANGO UKAFUNGULIWA

Hapa kwetu mlango ulifunguliwa kidogo kidogo. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ilimruhusu mtu yeyote kushtaki kwa ajili ya mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumizwa. Kisha tarehe 27 Agosti 2010 tukapata Katiba mpya, na mlango ukafunguka wote.

Nawasihi wasomaji mkitafute Kifungu cha 22 cha Katiba hiyo mkisome wenyewe. Si kirefu. Kinasema kila mtu ana haki ya kwenda mahakamani akidai kwamba haki iliyo katika Sheria ya Haki imevunjwa au iko hatarini kuvunjwa. Tena mtu huyo anaweza kwenda kwa niaba ya mwingine asiyeweza kwenda mwenyewe, kwa niaba ya kundi la watu, au kwa maslahi ya umma. Chama nacho chaweza kwenda kwa ajili ya wanachama wake. Fauka ya hayo, hakuna ada inayotozwa kwa kufungua kesi ya namna hiyo, na mahakama yaweza kupokea hata maandishi yasiyofuata mtindo rasmi ikiona inafaa.

Jamani, mwaona tofauti? Mwaka 1989 ilibidi mtu aonyeshe kidonda chake mwenyewe. Tangu 2010 anaweza kuonyesha kidonda cha jirani. Lakini mlango ulio wazi haumwingizi mtu ndani. Lazima atokee wa kumshika mkono, amwandikie ombi, amtafutie mashahidi na kusimama naye mpaka mwisho. Hapo ndipo vituo vya sheria huingia.

KAZI ISIYOFIKA KORTINI

Watu wengi hudhani kazi ya vituo hivi ni kupiga domo mbele ya majaji. Kumbe sehemu kubwa ya kazi hiyo haifiki kortini hata kidogo! Nitatoa mfano ninaoujua vizuri.

Shangazi yangu alikuwa akifanya kazi ya nyumbani katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Alifanya kazi hiyo miaka miwili. Miezi mitatu ya mwisho hakulipwa, na alipodai aliambiwa afunge virago jioni hiyo hiyo. Hakuwa na barua ya kuajiriwa. Alirudi kijijini na mkoba mmoja, na wengi wakamshauri anyamaze. "Hao ni wakubwa. Utawaweza?" Ada ya binamu yangu ilikuwa ikitoka kwenye mshahara huo, kwa hivyo kunyamaza kulikuwa na maana ya kijana kukaa nyumbani muhula mzima.

Jirani mmoja wa kanisani alimpeleka kwa msaidizi wa kisheria. Hawa si mawakili. Ni watu wa kawaida, walimu wastaafu, wahudumu wa afya na akina mama wa vikundi, waliofundishwa misingi ya sheria ili wawe karibu na watu mahali ambapo mawakili hawafiki. Mimi niliandamana na shangazi, kwa hivyo nilisikia kwa masikio yangu. Nilitarajia maneno mazito ya Kiingereza na Kilatini. Yule bwana alianza kwa kuuliza, "Mama, huo mshahara ulikuwa ukilipwa vipi?"

"Kwa simu, mwanangu."

"Basi hebu tuifungue hiyo simu."

Mle ndani zilikuwamo jumbe za M-Pesa. Kila mwisho wa mwezi, kiasi kile kile, kutoka nambari ile ile, mwezi baada ya mwezi. Kisha zikakoma. Kumbe miezi yote ile shangazi alikuwa akitembea na ushahidi mfukoni na hajui!

Yule bwana akatueleza kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimtupi mfanyakazi kwa sababu tu hakuandikiwa mkataba. Kazi iliyokubaliwa kwa mdomo ni kazi. Kuandika masharti ya ajira ni wajibu wa mwajiri. Asipoweza kuyaleta maandishi hayo kesi ikienda mbele, basi ni yeye anayetwikwa mzigo wa kuthibitisha jinsi masharti yalivyokuwa. Isitoshe, mtu anayelipwa kwa mwezi hafukuzwi jioni moja kama paka aliyeiba nyama. Anastahili notisi ya siku 28, au mshahara wa siku hizo, isipokuwa awe ametenda kosa kubwa linalotambuliwa na sheria.

Barua ya madai iliandikwa. Ilikuwa ukurasa mmoja tu: kazi ilianza lini, mshahara ulikuwa kiasi gani, unaodaiwa ni wa miezi ipi, na kwamba asipolipa katika siku 14 kesi itafunguliwa. Pesa zililetwa kabla ya siku hizo kwisha. Hakuna jaji aliyeziona karatasi hizo, na hakuna gazeti lililoandika habari zake. Binamu yangu alirudi shuleni wiki ya pili ya muhula.

Kesi nyingi za vituo vya sheria ni za namna hii. Ni barua, simu, mapatano chini ya mwembe, kumsindikiza mtu kwa chifu. Kuna na kazi ya magerezani. Kituo cha Sheria kimewafundisha wafungwa na askari jela wa magereza kama Shimo la Tewa kuwa wasaidizi wa kisheria, ili mahabusu asiyekuwa na wakili afunzwe na mwenzake namna ya kuandika rufaa na kumwuliza shahidi maswali. Mfungwa akimwandikia mfungwa mwenzake rufaa, hata yule aliyewahi kukosea huwa amepata nafasi ya kumfaa mtu.

KESI YA MMOJA, FAIDA YA WENGI

Lakini yapo mambo yasiyotatuliwa kwa barua ya ukurasa mmoja. Hapo ndipo kesi kubwa zinapohitajika.

Desemba mwaka 2012, baada ya mashambulizi ya guruneti sehemu mbalimbali nchini, serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wote wanaoishi mijini wahamie kambini Dadaab na Kakuma. Wengi wao walikuwa wamekaa Nairobi miaka mingi. Walikuwa na maduka, wagonjwa waliokuwa wakitibiwa, na watoto waliokuwa shuleni kama sisi. Kituo cha Sheria kilikwenda Mahakama Kuu kuipinga amri hiyo, pamoja na baadhi ya wakimbizi wenyewe. Angalieni jina la mlalamishi wa kwanza katika kesi hiyo: ni Kituo chenyewe! Kituo hakikuwa mkimbizi, wala hakikuamriwa kuhama. Miaka ya 1980 kingefukuzwa mlangoni. Tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja aliifuta amri ile. Alisema iligusa utu wa wakimbizi na uhuru wao wa kwenda watakako, na serikali haikuonyesha jinsi kuwahamisha watu wote hao kungeleta usalama. Mahakama ya Rufaa iliunga mkono uamuzi huo mwaka 2017.

Mfano wa pili uko Mombasa, kijiji cha Owino Uhuru. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi ubavuni mwa nyumba za watu. Betri hizo zina risasi, nami sisemi risasi ya bunduki, bali yale madini mazito. Madini hayo yakiingia mwilini ni sumu, hasa kwa watoto, kwa kuwa huharibu ubongo unaokua. Bi Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho, na mtoto wake mchanga aliyekuwa akinyonya akaugua. Alipopimwa, akakutwa na sumu ya risasi. Mama huyo angeweza kuchukua matibabu ya mwanawe na kwenda zake. Badala yake aliuliza: na watoto wa wengine je? Aliunda shirika la kutetea haki na mazingira, akakamatwa, akatishwa, asiache. Mwaka 2014 kiwanda kilifungwa, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Kesi ya kudai fidia kwa ajili ya kijiji kizima ilifunguliwa mwaka 2016. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Watu walicheza ngoma. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo. Watu wakalia. Ndipo Desemba 2024 Mahakama ya Juu, ambayo ndiyo ya mwisho nchini, ikairudisha. Hesabuni wenyewe, kutoka 2007 hadi 2024 ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule kiwanda kilipoanza sasa ni rika letu.

KUSHINDA SI MWISHO WA SAFARI

Sitaki kuwadanganya wasomaji wangu kwamba ukishaingia kwa jaji, mambo ni sambusa na chai. Wakimbizi walioshinda mwaka 2013 walitolewa amri nyingine ya namna ile ile mwaka 2014, na kesi iliyofunguliwa na watu wengine kuipinga hiyo ya pili ilishindwa.

Kisa cha kijiji cha Mitumba kinauma zaidi. Kijiji hicho kilikuwa karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, na kilikuwa na wakazi wapatao 15,000. Septemba mwaka 2011 walipewa notisi ya siku saba wahame. Chama chao cha ustawi kilikimbilia mahakamani na kupata amri ya kuzuia ubomoaji. Novemba mwaka huo huo, amri ikiwa bado ipo, nyumba zilibomolewa! Mahakama Kuu iliwapa haki yao mwaka 2013, Mahakama ya Rufaa ikatengua mwaka 2016, kisha Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema kwamba wakazi walivunjiwa haki zao, ikiwemo haki ya makao.

Mtu atauliza, basi faida iko wapi, ikiwa nyumba zilikwisha kubomolewa? Swali ni la haki kabisa. Jibu langu ni hili: kwa sababu ya kesi hiyo, wakili wa kituo chochote leo akisimama mbele ya hakimu kutetea kijiji kingine, haanzi sifuri. Anaweka uamuzi huo mezani. Watu wa Mitumba walilipa gharama kubwa, nasi wengine tumeachiwa ngao. Hata hivyo mwenye kubomolewa hali ngao wala halali juu ya uamuzi wa mahakama. Ndiyo maana vituo vinavyojali kazi yao haviondoki baada ya hukumu kusomwa. Hufuatilia kama imetekelezwa, na isipotekelezwa hurudi kortini kulalamika kwamba mahakama imedharauliwa.

LAWAMA ZINAZOTOLEWA

Si kila mtu anayevipenda vituo hivi. Wako wanaosema ni vibaraka wa wafadhili wa ng'ambo. Ni kweli kwamba vingi hutegemea fedha za wafadhili, na huo ni udhaifu. Mfadhili anaweza kufunga mfuko wake mwaka wowote, ilhali kesi haifungwi kwa kuwa pesa zimekwisha. Ndiyo sababu mawakili wanaojitolea bila malipo ni nguzo kubwa, na ndiyo sababu Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2016, ili serikali yenyewe ibebe sehemu ya mzigo huo. Hata Katiba, katika Kifungu cha 50, yamtaka mshtakiwa apewe wakili wa serikali iwapo bila wakili atadhulumika vibaya.

Wengine husema vituo hivi huchelewesha maendeleo kwa kuzuia barabara na viwanda. Nimeifikiria sana lawama hii. Lakini kijiji cha Owino Uhuru hakikukataa kiwanda. Kilikataa sumu. Barabara ikipitishwa kwa kufuata sheria, na watu wakaelezwa na kulipwa kabla ya tingatinga kufika, hakuna wakili atakayepata la kusema. Anayecheleweshwa na sheria ni yule aliyekuwa na nia ya kuiruka.

SISI WANAFUNZI TUFANYEJE?

Mwanafunzi hawezi kuwa wakili leo. Hata hivyo yapo mambo tunayoweza kuanza nayo hapa hapa shuleni.

Kwanza, tujue haki chache kwa moyo kama tunavyojua ngeli. Kifungu cha 49 kinasema mtu aliyekamatwa aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. Tena afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama iwapo saa hizo zinaishia wikendi au sikukuu. Kila mmoja wetu ana kaka au jirani anayeendesha bodaboda. Mwambieni.

Pili, tuwafundishe watu wa nyumbani kutunza karatasi. Risiti ya kodi, jumbe za simu, kadi ya hospitali, tarehe iliyoandikwa nyuma ya daftari, vyote hivyo ni ushahidi. Sisi tunaojua kusoma na kuandika ndio makarani wa familia zetu.

Tatu, tujue mahali pa kwenda. Deni au madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, ambako mtu anaruhusiwa kujisemea bila wakili. Na kama jambo ni zito zaidi, kuna vituo nilivyovitaja na wasaidizi wa kisheria mashinani. Kuuliza si ujinga.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Methali hiyo inafunza tahadhari, nami siipingi. Ila baada ya kuifanyia mada hii utafiti, naona kuna jambo la kufanya kabla ya kwenda mtungini: kumwuliza mwenye wembe amepata wapi ruhusa. Akikujibu "Wewe inakuhusu nini?" usigombane naye. Mwambie kwa adabu akasome Kifungu cha 22, kisha nenda kamtafutie mwenzako wa kumshika mkono.

Naweka kalamu chini. Wale wa bwenini walionicheka, karibuni tujadiliane kwenye mkutano wa chama Ijumaa.